"Nikupeleke Wapi?": Muuguzi Anayewasindikiza Wanaosinzia

Saa tatu asubuhi, katika chumba chenye pazia la kijani na mashine inayolia ti… ti… kama saa isiyo na haraka, mwanamume mpana wa mabega amelazwa ubavu wa kushoto. Anautazama ukuta ulio mbele yake kwa hasira.

"Nani kapiga lipu hii?" anauliza. "Mawimbi matupu!"

"Mwashi mwenzako," anajibu muuguzi, akimbana kidoleni kidude cha kupimia hewa iliyomo kwenye damu. "Hukuja kukagua ujenzi, kaka. Tulia."

Mgonjwa ni fundi mwashi. Muuguzi ni dada yake mdogo, kitinda mimba wa nyumba yao, na humu ndani wote wanamwita Kondakta. Kwa miaka mingi amekuwa akiwasindikiza watu wanaoingizwa kamera tumboni kupitia mdomoni, na swali lake halibadiliki. Kabla dawa ya kusinzisha haijaingia mshipani, humwinamia mgonjwa na kumuuliza: "Nikupeleke wapi?"

Wengine huchagua mtoni. Mwalimu mmoja aliomba darasa tupu, lisilo na mwanafunzi hata wa dawa. Dereva wa lori alijibu, "Popote, mradi nisiendeshe mimi."

"Mtu akishapata pa kwenda," anasema Kondakta, "hofu huachwa kituoni."

Abiria wa leo, hata hivyo, amegoma tangu getini. Kwa wiki kadhaa Fundi amekuwa akipata choo cheusi kama lami, na juzi kizunguzungu kilimwangusha kazini. Daktari anashuku tumbo linavuja damu, na bila kamera hakuna atakayejua linavujia wapi. Mara mbili alipangiwa siku, mara mbili akaingia mitini. Mtu anayepanda ghorofa ya tano juu ya mbao mbili na misumari anaogopa kusinzia kitandani!

Hofu hiyo ina mzizi. Baba yao aliingia chumba cha upasuaji asubuhi moja, akalazwa usingizi, hakuamka. Kondakta, wakati huo binti mdogo, alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango, amepakata viatu vya baba.

"Ndiyo maana nilitaka kufanya kazi upande huu wa mlango," anasema. Kisha, kwa kuwa hapendi watu wanune kazini kwake, anaongeza: "Si kwa ajili ya mshahara. Ule huisha kabla mwezi haujaamka."

Sasa anavuta kiti karibu na kichwa cha kaka yake.

"Sikiliza. Usingizi wa baba ulikuwa wa kuzima taa zote. Huu ni wa kushusha utambi tu. Utapumua mwenyewe. Ukiitwa utasikia. Ila ukiamka, huenda usikumbuke kitu."

"Na nikiropoka?"

"Utaropoka nini ambacho wifi hakijui?"

Wifi, aliyeketi mlangoni na mkoba wa mumewe mapajani, anaguna: "Namjua mpaka anavyokoroma."

Kondakta anampulizia Fundi ganzi kooni. Ni chungu, koo linajiona limevimba ingawa halijavimba. Mpira wa hewa unawekwa puani. Kabla ya kidude cha plastiki kukaa kati ya meno, swali linakuja.

"Nikupeleke wapi?"

Fundi anautazama tena ukuta. Mashine inajisemea ti… ti…

"Kwa baba," anasema hatimaye. "Lakini unirudishe."

Kondakta anasogeza kiti karibu zaidi. Anamshika mkono.

Dawa inaingia. Wengi waliopita hapa husema kumbukumbu yao ya mwisho ni ukuta ule: mawimbi ya lipu hulainika, yakawa mchanga, yakawa shuka linalopepea kambani, kisha hakuna ukuta tena. Kope za Fundi zinashuka. Mabega yaliyobeba saruji maisha yote yanalegea kama ya mtoto aliyeshiba.

Kwenye skrini linafunguka pango la rangi ya waridi, linang'aa kwa unyevu. Kamera inaelea humo taratibu. "Hiki hapa," daktari anasema. Ni kidonda, na damu inachuruzika pembeni mwake. Anakibana kwa chuma kidogo kama pini. Uzi mwekundu unakatika.

"Kaka," Kondakta anaita kwa sauti ya chini.

Vidole vya Fundi vinaminya vyake. Pumzi inayotoka kifuani mwa dada ni kama aliizuia tangu utotoni.

Baadaye, kitanda kikiwa palepale, Fundi anafumbua macho.

"Mtaanza saa ngapi?"

"Tumeshamaliza."

"Uongo! Nimepepesa macho tu."

Kila anayeamka huuliza hivyo, na kila siku Kondakta hucheka. Leo anacheka mpaka anajifuta kwa mkono wa sare. Anamgeukia wifi: maji kidogokidogo, tena baada ya ganzi kuisha kooni, na hadi kesho asiendeshe chochote, asitie saini popote, asipande ngazi.

"Leteni ngazi," anasema Fundi, kidole kikiuelekea ukuta. "Lipu hii inanitukana."

"Leo hata kijiko utashikiwa."

Lakini ukuta huo ndio ndoto ya Kondakta. Ni kitu cha mwisho wanachokiona abiria wake, na angetamani wakione kikiwa laini, chenye rangi. Fundi anamtazama kwa macho yaliyojaa usingizi.

"Na wewe je? Nikupeleke wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Asubuhi ile ya baba," anasema polepole. "Kabla mlango haujafunguliwa. Anga ya dirishani ilikuwa na rangi ambayo sijaiona tena." Anamfunika shuka. "Lala, utasahau. Dawa hii haitunzi ahadi."

Kesho yake, anasimulia Kondakta, simu iliita kabla hajanywa chai. Alikuwa Fundi, sauti bado nzito.

"Ile rangi," aliuliza, "si ilikuwa buluu yenye waridi kwa mbali? Asubuhi ile nilikuwa nimesimama nyuma yako."