Ukoo wa Nzi Wasiolala

Familia nzima ilimwita Daktari tangu siku alipopata barua ya kwenda ng'ambo kusomea uzamivu, ingawa hadi mwaka wa tano hakuwa daktari wa kitu chochote. Mama yake, mwalimu mkuu mstaafu na mjane asiyetaka jina la nyumba yake lichezewe, hakuwahi kusema uongo. Akiulizwa binti yake anatibu nini huko, alijibu, "Mambo ya usingizi," kisha akanyamaza kwa heshima zote, na watu wakajijazia wenyewe wodi, vitanda na manesi.

Daktari alikuwa akifuga nzi. Si wale wakubwa wa jalalani. Hawa ni vijinzi vinavyozengea ndizi mbivu. Alikuwa na chupa mia mbili nyembamba kama kidole, zilizopangwa kwenye trei moja na kuzibwa kwa pamba, na ndani yake ukoo wa nzi wasiolala, alioujenga kizazi hadi kizazi kwa miezi mitatu. Jaribio moja tu lilibaki. Kibali chake cha kuishi nchini humo kilibakiza miezi minne.

Jaribio hilo lilikuwa na sharti moja gumu: majike wasiwe wamekaribiwa na dume. Kwa hiyo binti aliyelelewa katika nyumba ambayo wageni wa kiume waliishia barazani alivuka bahari kwenda kulinda ubikira wa wadudu. Kila asubuhi aliwatenga majike waliotoka kwenye ganda, na kila jioni aliziweka chupa kwenye kabati la baridi, ambamo madume hupoa na kupoteza haraka zao.

Alasiri moja simu ya video ikaita. Wakwe watarajiwa wa kaka yake walikuwa wamefika nyumbani, na mama alitaka waone.

"Vaa lile koti jeupe, mwanangu."

"Mama, hapa hakuna anayevaa koti."

"Azima."

Akaazima la fundi wa mitambo, likamfika vifundoni.

"Shikamooni," akasema, akiinamia hadubini kama mtu anayesikiliza mapafu.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyeshika simu. "Mnamwona? Huyo ndiye wetu! Hebu geuza tuone na hivyo vichupa vya dawa nyuma yako!"

Mama akakohoa. Daktari alikifahamu kikohozi hicho tangu utotoni: ficha. Kwa mkono mmoja akaibeba trei ya chupa, akaisukumia kwenye kabati lililokuwa karibu, akalifunga. Wakwe wakaridhika. Simu ilipokatika alirudisha koti, akaenda kwenye semina, kisha nyumbani, kichwa kikiwa bado kimejaa sifa.

Kabati lililokuwa karibu lilikuwa la joto.

Asubuhi alizikuta chupa zikivuma. Kizazi kizima kilikuwa kimetoka, madume na majike pamoja, na kwa joto lile hawakuwa wamesubiri posa. Kwa macho, jike aliyeguswa na asiyeguswa hawana tofauti. Kila chupa ilikuwa na kibandiko chenye jina la ukoo wa baba yake, kwa mwandiko wake. Profesa wake alikuwa mtu wa kusoma vibandiko, kilichomo hakukichungulia. Angeweza kuwatumia hawa hawa, akamaliza kwa wakati, akaitwa Daktari kwa haki. Kuanza upya, miezi mitatu ya kujenga ukoo na miwili ya jaribio, kungepita tarehe ya kibali, na maombi ya kuongezewa muda yalikuwa yamekataliwa kwa wenzake wawili mwaka uleule.

Akampigia mama.

"Wageni wamelala hapa, tunakunywa chai," mama akasema. "Wanakusikia. Hao wako wameamkaje?"

Daktari akavuta pumzi. "Ni nzi, mama. Nafuga nzi. Jana nilikuwa nawaficha msiwaone, nikawaweka pabaya, wakaharibika wote. Nikiwatumia hivyo hivyo hakuna atakayejua. Nikiwatupa, huenda nikarudi bila shahada."

Huko vikombe vikatua kwenye visahani.

"Nzi?" akauliza baba mdogo. "Miaka yote hii? Mbona hapa tunao bure!"

Mtu akacheka, tena si wa nyumbani.

"Shemeji, nyamaza kidogo," mama akasema. Sauti yake ikawa ile ya ofisini, ya siku za matokeo. "Watoto wangapi nimewafutia mtihani mimi kwa kuibia, baba zao wakija kunililia?"

"Wengi, mama."

"Na mwenye kutaka koti jeupe jana alikuwa nani?"

Daktari akainamia trei ya chupa.

"Nimekuuliza."

"Ni wewe, mama."

"Ni mimi. Wageni wamesikia, basi. Hao wadudu umeshawatupa?"

"Bado."

"Watupe nikisikia. Halafu nenda kwa profesa wako mwenyewe, kabla hajakuita. Ukirudi bila shahada, chumba chako kipo."

Daktari akaiegemeza simu kwenye hadubini. Akafungua chupa ya spiriti, akatoa pamba ya kwanza, akagonga kitako cha chupa kwa kiganja. Vijinzi vikaanguka ndani ya spiriti kama chembe za pilipili manga, vikatulia. Akatoa ya pili. Kule nyumbani hakuna aliyenyanyua kikombe.

"Zimebaki ngapi?" mama akauliza.

"Mia moja tisini na nane."

"Endelea. Sina safari."