Mume Wangu Alisoma Asichoandika, Nami Nikanyamaza

Mhariri, jina langu usilitaje. Mume wangu hulinunua gazeti hili kila linapotoka, ila ukurasa huu anauita wa wanawake na hausomi, ndiyo maana nimethubutu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, watoto watatu, mtu wa bara. Tunaishi Mtoni, njia ya Kilwa. Mume wangu ni karani. Mtaani wananiita mama mwenye nyumba, na nyumba kweli ninayo, vyumba sita. Nataka mjue jinsi vilivyopatikana.

Tulipofika mjini tulipanga chumba kimoja, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Baba Anna, ndivyo ninavyomwita mume wangu, alikuwa na wazo lake: mshahara wa karani huliwa ukaisha, lakini chumba kikilala huamka kimezaa. Tununue kiwanja, tujenge viwili, tukae kimoja, tupangishe kimoja, na kodi ya hicho ijenge cha tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Sikumpinga, na hata leo sioni kama wazo lilikuwa baya.

Mzee mmoja Mzaramo, nimwite Mzee Kibwana, alikubali kutukatia kipande cha shamba lake. Siku ya mauziano alikuja na mashahidi wawili, tukaketi kibarazani, mimi nikiandaa chai. Akasema, "Mie nawauzia ardhi. Lakini minazi hii mitano si yangu, ya dada yangu Bi Tatu, kaachiwa na marehemu baba yetu. Nyie kaeni, jengeni, naye atakuja kuangua nazi zake." Kwetu bara mtu akinunua shamba amenunua na majani yake. Hapa pwani ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe, na hakuna anayeshangaa.

Baba Anna akaitikia, "Sawa kabisa, mzee wangu," akaandika karatasi, kisha akaisoma kwa sauti, neno kwa neno kama mzee alivyosema. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sinia. Shule ya misheni ilinifundisha kusoma. Karatasi ilisema ardhi pamoja na miti yote iliyomo. Alichokisoma hakikuwa alichokiandika. Mzee Kibwana alikuwa msomi, Kurani aliijua na barua aliandika mwenyewe, lakini kwa herufi za Kiarabu. Hizi zetu hakuzijua. Akatia sahihi yake nzuri ya Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na mashahidi wakatia dole gumba.

Mimi nikamimina chai.

Usiku ule nilimuuliza. Akanijibu, "Mama Anna, unataka kukaa kwenye chumba kinachovuja mpaka uzeeke?" Sikutaka. Nikajiambia minazi haitaguswa, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Vyumba viwili vya kwanza tulivijenga penye nafasi wazi, bila kugusa mnazi. Bi Tatu alitupokea kama watoto wake. Mtoto wangu wa tatu alizaliwa mikononi mwake. Aliishi kwa minazi ile: nazi akiuza, mafuta akikamua, makuti akisuka. Makuti tuliyoezekea vyumba vyetu tuliyanunua kwake.

Mzee Kibwana alipofariki, hata arobaini haijafika, Baba Anna akaleta mtu na shoka. Bi Tatu akaja mbio. "Bwana karani, kaka yangu hakukuuzia minazi yangu!" Mume wangu akamwonyesha karatasi. "Karatasi haidanganyi, bibi. Sahihi ya kaka yako si hii?" Ajuza yule aliitazama ile sahihi, akaijua, akaanza kulia. Hakumlaumu mume wangu. Alidhani kaka yake ndiye aliyemuuza.

Chumba cha tatu kikasimama pale. Cha nne, mnazi mwingine. Cha tano, cha sita. Wapangaji ni makuli wa bandarini, wanalipa vizuri. Anna yuko shule ya bweni kwa kodi hizo. Nami kila kisiki kilipong'olewa nilikuwa ndani, nikipika.

Sasa umebaki mnazi mmoja, na Baba Anna anataka kuuangusha ajenge duka mbele. Safari hii Bi Tatu, moyo umemkatalia kuamini kwamba kaka yake alimuuza, amekwenda kushitaki kwa liwali, hakimu wa hapa pwani. Shahidi mmoja wa mauziano amekufa, wa pili alikwenda Tanga kwenye mkonge na hajulikani alipo. Liwali akamuuliza, "Bibi, una shahidi gani?" Akasema, "Sina, ila mkewe. Alikuwepo, na mtoto wake nimempokea mie. Aape yeye. Akisema kaka yangu aliuza minazi, nitaondoka na sitarudi tena hapa."

Watu walicheka, nani huita mke wa adui yake awe shahidi? Baba Anna naye alicheka. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Unajua cha kusema." Nikajibu najua. Akaridhika, akaninunulia khanga njiani.

Shauri litasikilizwa mwezi ujao. Nikisema kweli, mume wangu atapoteza kazi na pengine kufungwa, nyumba itaingia matatani na Anna atarudishwa nyumbani. Nikisema uongo, nitakuwa nimeapa kwa Biblia, na yule bibi ataingia kaburini akimwona marehemu kaka yake ni mwizi. Mume wangu simchukii. Hayo yote aliyafanya kwa ajili yetu, nami nimeyala.

Wasomaji, nishaurini, niape nini? Ila naomba asitokee wa kuniambia nisali. Nimekwisha kusali, na jibu nimelipata. Nawauliza nyinyi kwa sababu jibu lile silitaki.