Sajini na Dawa ya Mafuta ya Damu

Leo sajini amemnyima baba yangu dawa kwa sababu baba ni mwembamba!

Wenye duka la dawa walipofukuzwa nchini na serikali ya kijeshi, duka akapewa yeye, mtu asiyejua kutofautisha aspirini na peremende.

Nikampa karatasi ya daktari, baba akiwa kando yangu.

"Dawa ya kupunguza mafuta? Huyu mzee mafuta yake iko wapi?"

Nikamweleza kwamba mafuta yako kwenye damu, hayaonekani, na dawa humezwa kila siku hata ukijisikia mzima.

Akacheka. Akafungua kopo, akameza vidonge vitatu juu ya nyama ya mbuzi aliyokuwa akitafuna, akajipigapiga kitambi.

"Hii dawa ni ya watu kama mimi."

Punda aliyevalishwa magwanda!

Ninyi mngemjibuje, jamani?

Mimi nilisema, "Asante, afande."