Bunduki ya Bata

Juzi, katika duka la vitu vya zamani jijini Nairobi, niliona bunduki nyeusi ya plastiki ya ile gemu ya video ya kuwinda bata. Harufu ya moshi ikanirudia palepale.

Abti, kaka yake mama, alituletea kama hiyo Garissa kutoka Dubai nilipokuwa mtoto. Alasiri moja niliwalenga bata wa kwenye televisheni, nikitamka "Bismillah" kila nikifyatua ili nyama yao iwe halali. Mara malori yakasimama nje. Askari walikuwa wakisaka silaha nyumba hadi nyumba.

Mama alininyang'anya bunduki, akaitupa kwenye makaa ya jikoni. Kisha akanivua ndara moja, akaitupa juu yake. Leo naielewa hofu yake. Wakati ule nilidhani ananiadhibu.

"Mnachoma nini?" askari akauliza mlangoni.

"Kiatu ya mtoto, afande. Imeharibika."

Askari akautazama mguu wangu mtupu, kisha ule wenye ndara. Moshi mweusi ulitukereketa koo, hakuna aliyekohoa. Mwishowe akaondoka.

Mama alinikumbatia.

"Wallahi, hooyo," nikamlilia mama, "ni bata mmoja tu niliyemuua bila bismillah."