Kichupa Namba 418

Teksi ilinishusha kwenye geti la nyuma, mahali pa kupitishia taka na mitungi ya gesi, kwa sababu dereva alikuwa mgeni wa sehemu ile kama mimi. Nilikuwa nimesafiri siku mbili, nimebadilisha ndege mara tatu, na begi langu lilikuwa limevunjika gurudumu. Ndani ya geti palikuwa na jengo la kituo cha utafiti, jeupe, refu, lenye madirisha madogo, na pembeni yake jenereta kubwa iliyofungiwa ndani ya wavu. Mtu mmoja aliyevaa koti zito, jua likiwaka vile, alikuwa amechuchumaa akipima dizeli kwa kijiti.

"Umepotea, mkubwa," alisema bila kugeuka. "Wageni wanaingilia mbele, kwenye maua."

Nikamwambia mimi si mgeni wa maua, ni mkalimani tu. Akasimama, akanitazama, akabeba begi langu begani na kusema basi sisi wawili ni wa mlango mmoja.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kila mtu alimwita Baridi, hata bintiye alipotaka kumchokoza. Kazi yake ilikuwa kulinda friza tisa, kila moja kubwa kama kabati la nguo, kila moja ikisoma nyuzi themanini chini ya sifuri. Ndani yake mlikuwa na vichupa elfu kumi na moja vya damu za watu wa mitaa ile. Kila baada ya saa mbili alisoma vipimajoto vyote tisa na kuandika kwenye daftari, kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino huganda. Miaka sita hakuwahi kuruka mstari. Siku moja jenereta iligoma na fundi hapokei simu. Baridi akamfuata kwa kinyozi, akamtoa kitini akiwa amenyolewa upande mmoja. Fundi yule hadi leo akipita pale hujishika kichwa.

Nilikuwa bado nasikiliza habari za fundi, binti yake Baridi akaingia na bakuli la chakula. Ni msusi, ana miaka ishirini na sita, na anasimama kutwa nyuma ya vichwa vya watu. Alivaa kandambili za kiume. Nilipotazama nikaelewa: miguu ilikuwa imevimba hadi vifundo vimepotea. Aliona nimeona. Akabonyeza kidole gumba juu ya mguu, akakiondoa, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Mimi na damu yangu hatuishi nyumba moja," aliniambia. "Yenyewe inakaa hapa kwa baba, ina jenereta. Mimi umeme ukikatika nasuka kwa tochi."

Baba yake hakucheka. Alisubiri hadi binti atoke, ndipo akanieleza.

Miaka sita iliyopita, utafiti ulipoanza, yeye alikuwa mhudumu wa kawaida. Wauguzi waliokuja kuchukua damu hawakujulikana mtaani, kwa hiyo walimchukua aongozane nao nyumba kwa nyumba. Ndiye aliyewasomea watu fomu ya ridhaa. Aliikumbuka neno kwa neno, na aliisema akitazama sakafu: "Kikionekana chochote cha kukufaa wewe au jamaa yako, utaambiwa." Kila aliyetoa damu alipewa kadi ndogo ya njano yenye namba yake, aitunze mpaka majibu yatoke. Ili watu wasiogope, Baridi alianza na nyumba yake. Yeye namba 416, mkewe 417, binti 418.

Miaka mitatu baadaye mke akafa kwa figo. Kwa muda mrefu mke alidhani ni mgongo. Alimeza vidonge vya maumivu, vile vya dukani vinavyozidi kuchosha figo, asubuhi na jioni, na walipogundua ni figo hapakuwa tena na cha kuokoa. Sasa miguu ya binti imeanza kama ya mama yake ilivyoanza. Na sokoni, na kwenye kisima, na msibani, watu bado wanamsimamisha Baridi: majibu yetu vipi? Yeye hujibu yanakuja. "Nimekuwa mwongo mwenye koti," alisema.

Usiku ule nilisoma makala niliyotumiwa niifasiri. Nimefasiri mikataba ya bandari na hotuba za mawaziri, lakini sijawahi kusoma kitu kilichoandikwa kwa akili kiasi kile kikaniudhi kiasi kile. Ilieleza namna ugonjwa unavyofanya kazi. Figo ni chujio. Kila mtu amerithi nakala mbili za jeni fulani, moja ya mama, moja ya baba. Aliye na nakala moja iliyogeuka hana neno. Aliye na mbili yumo hatarini: protini inayotengenezwa na jeni hizo hujipenyeza kwenye ukuta wa seli za chujio na kuutoboa, chumvi inavuja, seli inakufa, na figo zinachoka polepole bila kuuma. Wanasayansi wamepata kidonge cha kuziba tundu hilo. Kinajaribiwa, pamoja na kwingine, katika hospitali kubwa ya rufaa, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka pale. Wanaohitajika ni wenye nakala mbili ambao figo zao bado zinafanya kazi. Tangazo lililoambatanishwa lilisema mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Ile ilikuwa Jumatano.

Haya yote yalipatikana kwenye damu ya mtaa ule. Waandishi waliwashukuru wakazi kwa ukarimu wao, mstari mmoja, herufi ndogo, baada ya kuwashukuru watengenezaji wa mashine.

Asubuhi ya Alhamisi palikuwa na mkutano wa kukabidhi matokeo kwa jamii. Viti vya plastiki, chai, bango lenye michoro ya rangi. Watu wapatao sitini walikuja, na nikaona wengi wameshika kadi za njano, zimekunjwa, zimechakaa, moja imetiwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa kwa uzi. Walidhani wameitiwa majibu. Daktari mkuu wa utafiti alisimama karibu na mgeni kutoka kwa wafadhili, akaeleza kwa lugha ya mgeni, nami nikafasiri. Alieleza vizuri. Alisema asilimia fulani ya wakazi wana nakala mbili. Alisema sayansi imepiga hatua. Watu wakageuza kadi zao huku na huku.

Baridi akanyoosha mkono. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, na koti lake.

"Daktari, hiyo asilimia ni akina nani?"

Daktari akajibu kwa Kiswahili, kwa upole, kwamba majibu ni ya kundi, si ya mtu mmoja mmoja. Fomu ilibadilishwa mwaka wa pili. Kamati iliondoa sehemu ile, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na tiba na watu wangetiwa hofu bure.

"Fomu niliyosoma mimi haikubadilishwa. Hakuna aliyenituma nirudi kuwaambia watu imebadilishwa."

Daktari akasema anaelewa uchungu wake, lakini akimwambia mmoja itabidi awaambie wote.

"Ndiyo," Baridi akasema. "Wote."

Mgeni akaniinamia kuuliza kuna nini, na kabla sijafungua kinywa daktari akamjibu mwenyewe, kwa lugha ile ya kigeni, haraka haraka: huyu ni mlinzi wa friza, mtu mwema, mkewe alifariki, ana majonzi, hana swali la kisayansi. Kisha akanitazama kama anayeniomba niyapitie mbali.

Kazi ya mkalimani ni kufasiri kinachosemwa. Nikageukia ukumbi nikafasiri, neno kwa neno, pamoja na "mtu mwema." Mama mmoja wa mbele aliguna. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba basi yeye ana swali la kisayansi: mama yake msusi alikufaje? Daktari akakusanya karatasi zake akasema chai iko tayari.

Sitaki kumfanya daktari kuwa shetani. Baadaye nilimkuta kwenye korido ameegemea ukuta, na aliniambia ameandika barua mbili kwa kamati kuomba ruhusa na zote zimerudi na maswali. Namwamini. Lakini barua mbili kwa miaka mitano, na mtu anameza vidonge vya mgongo mtaa wa pili, si jambo la mtu kujitetea nalo koridoni.

Nilimfuata Baridi kwenye chumba cha friza. Alikuwa anaandika vipimo vya saa sita. Binti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, miguu ameinyoosha. Baridi alisema majibu yamefungiwa kwenye kompyuta ya daktari, na kompyuta ina neno la siri, na yeye ana funguo za kila kitu pale isipokuwa hilo.

"Yako kwenye begi langu," nikasema.

Ilikuwa kweli, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona jambo hilo mpaka dakika ile. Nyuma ya makala palikuwa na nyongeza, jedwali la kurasa thelathini ambalo hakuna anayefasiri wala kusoma. Safu ya kwanza, namba ya kichupa. Ya pili, mwezi na mwaka damu iliposomwa. Ya tatu, sifuri, moja au mbili. Halikuwa na jina hata moja, kwa hiyo walihesabu kuwa ni salama, wakalichapisha. Mtu yeyote duniani mwenye mtandao na lugha ile angeweza kulisoma. Hawakukumbuka kwamba namba zile waliwapa wao wenyewe watu waliotoa damu, kwenye kadi za njano.

Binti akatoa kadi yake kwenye pochi, kati ya vitana. Tulishuka na kidole. 418: mbili.

Binti akacheka kidogo. "Haya. Angalau nimejua nasumbuliwa na nani."

Baridi aliomba 417. Mbili. Akauliza ile safu ya kati inasemaje. Nilitamani lugha ile nisingeijua. Nikamwambia: damu ya mkewe ilisomwa mwezi wa nne, mwaka wa kwanza wa utafiti.

Alihesabu kwa vidole, taratibu, na nilijua anafika wapi. Zaidi ya miaka miwili kabla hajafa.

"Miaka miwili," alisema. "Mtu alikuwa anajua kuwa ni figo, na mimi nampelekea vidonge vya mgongo mwenyewe, kwa mkono huu. Na damu yake naitunza isiharibike." Akaitazama friza ya nne, ambamo vichupa vile vitatu vilikaa pamoja. Niliogopa, nasema kweli. Waya wa umeme wa friza ulikuwa umechomekwa ukutani, mbele ya goti lake.

Lakini aliuliza jambo jingine. "Na mia nne na kumi na sita?"

Moja.

"Kwa hiyo ya pili ni yangu."

"Baba, acha," binti akasema. "Hata pua hii ni yako, sijakushtaki." Akajishika magoti, akainuka. Nikawaeleza habari za kidonge na hospitali ya rufaa, na kwamba mwisho ni kesho. Akaniuliza kidonge kile wanapewa wote wanaojiandikisha? Nikamwambia ukweli: nusu wanapewa dawa, nusu wanapewa kinachofanana nayo kisicho na kitu, na hata daktari hajui nani kapata nini. "Kwa bahati yangu nitapewa chokaa," alisema. "Lakini angalau watanipima mkojo."

Basi la rufaa lilikuwa linaondoka saa nane. Wangelala njiani na kufika Ijumaa asubuhi. Nilikata ukurasa wenye namba yake kwenye nakala yangu, nikaandika pembeni kwa lugha mbili kilichoandikwa pale, nikampa. Wakati huo Baridi alitoka kidogo, simu sikioni, akaenda kwa watu waliokuwa wanakunywa chai; aliporudi alivua koti. Nilishangaa jinsi alivyokuwa mwembamba. Akalitundika, kisha akaliondoa msumarini akaniwekea mikononi.

"Saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Kalamu ya risasi, si wino. Friza ya saba inadanganya nyuzi mbili, igonge kidogo. Nimempigia fundi, atakuja jioni kunishikia." Nikamuuliza, baada ya haya yote, bado anajali vipimo? Akanitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Damu za watu hizi. Wao hawajakosa."

Nikamsindikiza hadi mlango wa nyuma. Nje, kwenye kivuli cha jenereta, watu walikuwa wamepanga mstari, ishirini au zaidi. Wengine walikuwa bado na vikombe vya chai mkononi, na wote walishika kadi za njano. Baridi alikuwa amewaambia.

"Jedwali unalo," alisema, "na lugha unayo. Daktari akija kukuzuia, mwambie ni mimi niliyewaahidi. Ila usiwasomee hapa nje. Mmoja mmoja, mlango ufungwe. Ukiona mbili, mkalishe kwanza. Mwambie aache vidonge vya maumivu, akapime presha na mkojo leo hii hii. Usimwache aende peke yake."

Akamshika bintiye mkono, akamchukulia pochi, wakapita katikati ya mstari ule. Watu waliwapisha. Mama mmoja alimshika msusi bega, na mzee yule wa swali la kisayansi akamwambia Baridi asirudi mpaka apate jibu. Kandambili za kiume zilipiga chini, pa, pa, pa, hadi getini, kisha barabarani, kisha sikuzisikia tena.

Nilivaa koti. Mama mwenye kadi iliyofungwa uzi alikuwa wa kwanza, na alikuwa anahangaika kufungua fundo. Nikamwingiza ndani, nikafunga mlango, nikamvutia ndoo akae.