Alipokauka sauti, Gulandam akamwona chui wa theluji

Jua limeshagusa vilele lakini halijashuka bado kwenye vibanda vya mawe vya Sarjerav. Gulandam Hasil anatoka na ndoo mbili tupu, anaziweka chini, anapanda juu ya jiwe lake na kuweka kiganja kando ya mdomo.

Kisha anaita.

Si kelele, wala si wimbo. Ni sauti moja ndefu inayoanzia tumboni, inapanda, inavuka kijito, inagonga mwamba wa ng'ambo na kurudi. Huko juu mteremkoni, madoa meusi yaliyotawanyika kama punje za pilipili manga yanaanza kusogea. Ni yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Wanashuka mmoja mmoja, manyoya yao yakiburura majani.

"Umewaamsha mpaka wafu wa Uchina," anasema Zebunisa, wifi yake, akijifunga kitambaa mlangoni.

"Wafu hawana maziwa," anamjibu. "Leta kamba."

Hivi ndivyo siku inavyoanza Sarjerav, malisho ya juu ya kijiji cha Pastkhun, huku Gojal, karibu na mpaka wa Uchina. Wanawake wamekuwa hapa na mifugo tangu njia ilipofunguka. Wanaume wamebaki bondeni na viazi na ngano. Kiangazi hakuna mwanamume anayelala Sarjerav. Ni desturi ya tangu zamani, na wanawake hawajawahi kuilalamikia.

Gulandam ana umri wa miaka sitini na moja. Ni mjane. Alipanda huku mara ya kwanza akiwa bibi arusi, na hajakosa kiangazi hata kimoja, isipokuwa kile alichojifungua mwanawe, Kimat Shah. Anakama, anasukasuka maziwa, anaanika kuruti, madonge ya maziwa ya mgando, juu ya paa mpaka zikauke ziwe ngumu kama mawe. Lakini kazi inayomtambulisha ni moja: yeye ndiye mwitaji wa kambi. Mifugo ikitawanyika, koo lake ndilo linaloikusanya.

Mwitaji ana wajibu mwingine. Kila anapopita rundo la mwisho la mawe, mahali malisho yanapokoma na magenge yanapoanza, husimama na kutoa salamu kwa sauti kubwa. Mbuzi wa mlimani wana wenyewe, watu wasioonekana, na chui wa theluji ni wa hao hao. Mtu haingii uani kwa jirani kimya kimya. Khalifa, kiongozi wa dini wa kijiji, aliwahi kuulizwa kama jambo hili linafaa. Alijibu kwamba Mwenyezi Mungu ana viumbe wengi tusiowaona, na kupiga hodi hakujamtia mtu yeyote dhambini.

Basi Gulandam akapiga hodi, kiangazi hadi kiangazi, kwa lile koo lake.

Na katika miaka yote hiyo hakumwona chui wa theluji hata mara moja.

Nyayo zake aliziona, pana na za mviringo, kana kwamba mtu amegandamiza kikombe kwenye theluji. Aliona mbuzi wake aliyetobolewa shingo, akamlilia. Aliona mifupa ya mbuzi wa mlimani iliyosafishwa vizuri kuliko masufuria ya wifi yake. Mwenyewe, hapana.

"Mimi nimemwona mara mbili," anasema Zebunisa, ambaye hapitishi siku bila kulitaja hilo. "Mara ya pili nilikuwa nafua soksi tu."

Marehemu mume wa Gulandam, Hasil Beg, alimwona wakati wa baridi, akarudi nyumbani anatetemeka kwa furaha. "Aliniambia ana mkia mrefu kuliko subira yangu," anakumbuka Gulandam, akicheka. "Akasema, 'Wewe, mke wangu, utamwona ahera, huko ambako watakunyamazisha.'"

Wapo wazee Pastkhun waliochunga maisha yao yote wakazikwa bila kumwona. Si kwamba chui hayupo. Yupo, ila ni wachache mno, na Mola amewavika rangi ya mawe yenyewe. Unaweza kumtazama ukamkosa. Atalala kwenye jabali mbele yako nusu siku, wewe unakunywa chai yako ya chumvi, na mwisho wa siku yeye ndiye anayekujua, wewe humjui.

Mwaka huu Gulandam alikuwa na sababu ya kuhesabu. Magoti yake yamechoka. Kimat Shah, ambaye ni seremala kijijini, alimweka kitako wakati wa kupanda viazi, akamwambia hiki ndicho kiangazi chake cha mwisho Sarjerav.

"Nilikubali," anasema. "Nilikubali kwa mdomo."

Siku ya kuondoka alipokuwa akinyunyiziwa unga begani kwa baraka, aliomba dua moja. "Nilisema, Ya Mola, mali sikuombi. Nimeshashiba. Nionyeshe tu kiumbe wako huyu kabla magoti hayajanifunga bondeni."

Nusu ya kiangazi ilipita. Hakuna kitu. Ndipo ikaja harusi.

Binti ya kaka yake aliolewa Pastkhun, na Gulandam akashuka kuhudhuria. Harusi ya kwao bila yeye kuimba ni chakula bila chumvi. Akaimba tangu Ijumaa hadi Jumapili, akanywa maji ya barafu katikati, akacheza, akaimba tena. Aliporudi Sarjerav alifungua mdomo kuwaita yaki.

"Ilitoka sauti ya kuku anayeota ndoto," anasema.

Kambi nzima ilicheka hadi kukaa chini. Kisha ikaacha kucheka, maana ilikuwa saa ya kukama. Zebunisa akajitolea. Akapanda jiwe la wifi yake, akavuta pumzi, akaita. Yaki waliinua vichwa, wakamtazama, wakaendelea kula.

"Si kweli kwamba hakuna aliyeitikia," anajitetea. "Mmoja aligeuka."

"Aligeuka akakupa mkia," anasema Nuriya, mke wa Kimat Shah, ambaye kwake hiki ni kiangazi cha kwanza.

"Wewe mtoto, sukasuka maziwa."

Ikawa lazima yaki wafuatwe kwa miguu. Kila alasiri wanawake walipanda na kamba. Na alasiri moja Sapedak, yaki mwenye paji jeupe, hakuonekana. Alikuwa na mimba iliyokomaa. Nuriya alitaka kwenda yeye, lakini Sapedak akiwa kwenye uchungu hakubali harufu nyingine ila ya Gulandam. Mama mkwe akachukua fimbo yake.

Alipofika kwenye lile rundo la mawe alisimama, akafungua mdomo kutoa salamu. Upepo mtupu.

"Nilijaribu tena na tena," anasema. "Nikafikiri nirudi. Kuingia kule bila salamu ni kama kuingia jikoni kwa mtu na viatu vya zizini. Lakini mnyama wangu alikuwa huko, pengine anateseka. Nikaweka mkono kifuani, nikainama, nikapita kama mwizi."

Alimkuta Sapedak kwenye kibonde chini ya magenge, ameshazaa. Ndama alikuwa amelowa, anajaribu miguu yake, anaanguka, anajaribu tena. Gulandam alimshukuru Mungu, akaketi kidogo mbali nao apumzishe magoti. Hakuwaita. Hakuwa na cha kuitia.

Ndipo kipande cha mwamba ng'ambo ya kijito kikanyoosha mgongo.

Anapofika hapa katika kusimulia, huacha kazi ya mikono. Anasema mwanzo aliona mkia tu, mnene kama mkono wa mtu aliyevaa koti la baridi, unajikunja na kujikunjua peke yake. Kisha macho yakakubali, na mnyama mzima akajitokeza kutoka kwenye jiwe kama sura inavyojitokeza kwenye kioo mvuke unapokauka. Manyoya ya rangi ya moshi, na madoa kama waridi nyeusi zilizofifia kwenye shali la zamani. Kifua cheupe. Macho ya kijani kibichi, hafifu, yasiyo na haraka.

"Nimeona maharusi wengi waliopambwa," anasema. "Sijaona aliyependeza hivyo, na yeye hakuwa amejipamba kwa ajili ya mtu."

Nyuma yake wakatokea watoto wawili. Mmoja alijikwaa kwenye mkia wa mama yake, akaukasirikia, akaung'ata.

Chui hakuwa akimtazama Gulandam. Alikuwa akimtazama ndama.

Mtu wa mifugo anajua la kufanya: unapiga kelele, unatupa jiwe, na chui wa theluji, ambaye hana ugomvi na binadamu, anaondoka. Sauti hakuwa nayo. Jiwe lilikuwepo, karibu na kiganja chake. Alilishika.

"Nikafikiri, nikilirusha, nimemwona kwa muda wa kupepesa macho, basi, na maisha yangu yamekwisha hivyo. Nisiporusha, nitarudi kambini na kamba tupu. Nikamwambia Mungu, mbona umeniletea vyote viwili kwa mkupuo mmoja?"

Aliliweka jiwe chini. Akainuka polepole, akatembea wazi wazi mpaka kwa ndama, akaketi kando yake na kumzungushia mkono shingoni. Sapedak akaja akasimama nyuma yao, pembe mbele. Hapo walikaa, mama watatu wa aina tatu, kila mmoja na wake.

Chui aliwatazama kwa kitambo. Kisha akapiga miayo, ulimi ukajikunja, akashuka na wanawe kunywa maji. Watoto walicheza ukingoni. Mmoja alilowa, akajikung'uta, akashangaa. Walipomaliza, mama aliruka kijito bila kukimbia, mkia ukimfuata hewani kama neno la mwisho la sentensi nzuri, na wale wawili wakazunguka kwa juu, kwenye mawe makavu.

Wakapotelea magengeni, na jiwe likarudi kuwa jiwe.

Gulandam alicheka na kulia pale alipo, vyote bila sauti, mpaka ndama akaanza kumlamba.

Kurudi kambini kulikuwa mtihani mwingine. Alifika anaongoza yaki wawili badala ya mmoja, uso umelowa, anapepea mikono.

"Ndama mgonjwa?" akauliza Zebunisa. Gulandam akatikisa kichwa. "Umeanguka? Jino? Ni jino."

Akainua mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akaupeperusha taratibu kama mkia, akaukunja puani. Nuriya ndiye aliyeelewa.

"Amemwona," akasema. "Mama amemwona."

Zebunisa, aliyekuwa na utani wa miaka yote mdomoni, hakutania. Aliingia ndani, akatoka na unga, akamnyunyizia wifi yake begani kama bibi arusi. Jioni walipika uji mzito, wakaumiminia siagi iliyohifadhiwa mwaka mzima, wakala wote kwenye sinia moja. Katikati ya kula Nuriya akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiri.

"Mama, huenda ni salamu yako inayomwondoa."

Vijiko vikasimama.

"Miaka yote hiyo," anasema Gulandam, akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa, "nampigia hodi, naye kwa adabu zake ananipisha."

Kulikuwa na ubishi. Zebunisa alishikilia kwamba desturi ni desturi. Mwisho walikubaliana kwamba kuinama na mkono kifuani ni salamu pia, na mwenye mlima hakuonekana kuchukizwa nayo. Sasa hivi ndivyo wanavyopita, kimya. Nuriya bado hajabahatika. Zebunisa anadai amefikisha mara ya tatu, lakini shahidi hana.

Sauti ya Gulandam ilirudi Agosti. Hata hivyo, kila alfajiri baada yake Nuriya hupanda jiwe na kujaribu. Yaki wanaanza kumsikiliza, wale vijana kwanza.

Siku ya kuhama wanaume wamepanda kusaidia kubeba. "Ya Ali Madad, Mama," anamsalimu Kimat Shah, akimbusu mkono, kisha anauangalia mkusanyiko wa mizigo. "Basi umeshamwona. Ulichokitaka umekipata."

"Nimemwona mara moja. Wewe ulipozaliwa nilikuona mara moja, nikatosheka?"

Kimat Shah anamtazama mkewe akitafuta msaada, mkewe yuko bize na kamba. Gulandam ameshapanga yote. Mwakani, Mungu akipenda, Nuriya ndiye atakayekuwa mwitaji wa Sarjerav. Yeye mwenyewe atawaangalia yaki wenye mimba, huko kwenye kibonde, kazi ya kukaa na kunyamaza. Wale watoto wawili watakuwa wamekua. Anataka kuwajua.

"Na magoti, Mama?"

"Magoti," anasema, akiokota fimbo, "nitakwenda nayo."