Nyumba Nne Nilizoitikia

Jumapili iliyopita nilitoka Lodwar, ninakoshona nguo siku hizi, nikarudi Kakuma kusali na watu wa kwetu. Ilikuwa miaka minne sijakanyaga pale. Kanisa letu la udongo bado limesimama, ingawa upande mmoja umeliwa na mvua. Nilichelewa, nikakaa karibu na mlango.

Lazima nikueleze utaratibu wetu, maana sijauona kwingine. Bibi na wenzake walitoka kijiji kimoja cha milimani, Sudan Kusini, ambako nyumba zilipandana kutoka kijitoni hadi kanisani, juu kabisa. Walipofika kambini Kakuma, kwenye tambarare hii ya vumbi, walikaa kanisani kama walivyokaa mlimani: wa juu mbele, wa kijitoni nyuma. Kabla ya sala katekista aliita nyumba moja moja, na kila nyumba ikaitikia, "Tupo." Isiyoitikia ilihesabiwa imekwisha, ikakaliwa matanga siku tatu.

Kisha watu wakaanza kupelekwa Australia na Kanada. Aliyeondoka alimwachia jirani nyumba yake aiitikie. Bibi alipokea kila nyumba aliyoombwa, na kwa kuwa kifua kilimsumbua, akanipa mimi. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa na nyumba nne mdomoni. Nilizirudia bombani nikingoja mtungi ujae, nikazirudia Jumapili asubuhi Bibi akimimina kisra, mkate wetu mwembamba, kwenye bati la moto, harufu ya uchachu wa mtama imejaa uani.

Mama wa Kiturkana aliyetuletea makaa alinisikia, akacheka, akatusalimu kwa lugha yake.

"Ejok, nyinyi watu. Mnaitikia watu wenye hawako?"

"Mbuzi yako ikienda malisho Lokiriama," Bibi alimwuliza, "si iko bado yako?"

Mama akakubali, akapewa kisra akala.

Nyumba ya nne ilikuwa ya rafiki yangu, niliyelala naye mkeka mmoja tangu tukiwa wadogo. Basi la kuwapeleka uwanja wa ndege lilikuja mapema, akaondoka bila kuniaga. Nilikasirika sana. Jumapili ile katekista alipoita nyumba yao, nilifunga mdomo makusudi. Nilitaka aumie. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu wanawake wakaanza kulia, na hapo nikaogopa kusema.

Matanga yakakaliwa. Watu walilala kwenye mikeka uani kwetu, uji ukapikwa kwenye sufuria za kuazima. Siku ya tatu nilimwona Bibi amenyoa nywele zote, kichwa chake kidogo kimebaki wazi juani, nikashindwa. Nikamwambia kila kitu.

Hakunipiga. Alisema, "Mlima tuliukimbia kwa sababu ya bunduki. Wewe umefukuza watu kwa mdomo tu."

Jumapili iliyofuata alinisimamisha mbele peke yangu, nikaitikia nyumba ile. Lakini habari zilikuwa zimeshafika Australia kwa simu, na mama yake rafiki yangu alikuwa amelia akijua kwetu amezikwa akiwa hai. Rafiki yangu hajawahi kuniuliza, nami sijawahi kumwambia. Aibu ile ninayo hadi leo.

Bibi alizikwa Kakuma. Kisra siku hizi hapiki mtu, na waliozaliwa kambini wanaujua mlima kwa kusimuliwa tu. Ndiyo sababu nilirudi: nilitaka nyumba yetu iitikiwe na mtu wake. Mabenchi matatu tu yalikuwa na watu. Katekista, macho yamefifia, aliita kutoka juu kushuka. Alipofika kwetu nilifungua mdomo.

"Tupo," akaitikia msichana mdogo aliyekaa mbele, kwa sauti kubwa.

Hakunijua. Mtu alikuwa amempa nyumba yetu, pengine siku ileile niliyohama. Lodwar si Australia, nilijiambia, lakini machozi yalinitoka vilevile. Nilikuwa mle ndani, mzima, na nimeshahesabiwa miongoni mwa walioondoka.

Baada ya sala nilimfuata nje, nikamsalimu, nikamwuliza ana nyumba ngapi. Akaanza kunihesabia kwa vidole. Vya mikono vikaisha, akainama, akavua kandambili, akaendelea na vya miguu.